Maji Mia, Adui wa Pima Maji

Baba yangu ni fundi mwashi. Amejenga Tanga mjini, Muheza na Korogwe kwa zaidi ya miaka arobaini, na katika vifaa vyake vyote, mwiko, timazi, uzi, skwea, hakuna alichokienzi kama pima maji. Ilikuwa ya mbao ngumu, imepauka kwa chokaa, na katikati ina kichupa cha kioo chenye maji ya kijani na povu moja dogo. Akimaliza kozi ya tofali huiweka juu, anainama, anafumba jicho moja. Povu likitulia kati ya vile vistari viwili, tunaendelea. Likikimbilia pembeni, tofali linang'oka, hata kama udongo umeshaanza kushika. Nilipokuwa na miaka tisa niliiangusha pima maji ile kwenye zege. Haikuvunjika, lakini kwa namna baba alivyokwenda kuiokota kwanza, ndipo akanitazama mimi, nilijifunza jambo.

Sasa mniwazie mtoto wa mtu huyo, nimeshuka kwenye tramu namba 1 kituo cha Hetzgasse, mjini Vienna, nimesimama pale Kegelgasse inapokutana na Löwengasse, natazama nyumba ambayo haina hata ukuta mmoja ambao baba angeupokea. Madirisha hayalingani: hili kubwa, lile dogo, lile refu, kila moja na mzunguko wa rangi yake. Ukuta umegawanywa vipande vya bluu, njano, nyekundu na nyeupe, na mpaka kati ya kipande na kipande unatambaa kama njia ya siafu. Nguzo zimenona kama mitungi iliyopandana, zimevikwa vigae vya rangi. Juu kabisa kuna makuba mawili ya dhahabu yenye umbo la kitunguu, na kandokando yake miti. Sisemi maua ya kwenye kopo. Miti yenye shina, imeota juu ya mapaa kama shamba lililopanda ngazi. Na barabara ya mbele ya mlango, jamani, barabara yenyewe ina vilima. Bibi mmoja mtalii alikuwa akitembea juu yake kamshika mumewe mkono kama mtu aliye kwenye mtumbwi.

Nikapiga picha, nikamtumia baba. Akanijibu kwa sauti baada ya swala ya alasiri: "Mwanangu, hiyo nyumba imeinama au simu yako imeinama?"

"Shikamoo baba. Ni nyumba. Wamefanya makusudi."

Kimya kidogo. Kisha: "Marahaba. Nani kawaruhusu?"

Swali hilo nimekaa nalo miaka kadhaa. Pale Vienna nilikuwa na masomo ya miezi tisa yasiyohusiana kabisa na sanaa, na karibu kila Jumamosi nilijikuta nafuatilia habari za mchoraji wa Austria aliyeiwazia nyumba ile badala ya kusoma nilichotumwa.

Anaitwa Friedensreich Hundertwasser, na jina hilo tayari ni kazi ya mikono yake. Alizaliwa Vienna tarehe 15 Desemba 1928 akiitwa Friedrich Stowasser. Akiwa kijana, kwenye mwaka 1949, aliona kwamba "sto" katika lugha za Kislavoni ni mia, akaitafsiri kwa Kijerumani kuwa "hundert". "Wasser" ni maji. Maji Mia. Mtanzania akisikia Kijerumani na maji katika sentensi moja hukumbuka mwaka 1905, lakini haya ni maji mengine. Baadaye akaipinda Friedrich mpaka ikawa Friedensreich, Himaya ya Amani. Akaongeza Regentag, Siku ya Mvua, kwa sababu aliona rangi huwaka zaidi mvua ikinyesha. Akaongeza Dunkelbunt, ambalo mimi nalifasiri kama rangi nyingi zilizokolea giza. Majina ya namna hii kwetu huandikwa nyuma ya daladala au ubavuni mwa jahazi, na kweli Siku ya Mvua lilikuja kuwa jina la chombo chake cha baharini, jahazi la zamani la kubebea chumvi alilolinunua Italia na kulikarabati kwa miaka.

Ila kilichonishika mimi ni Maji Mia. Kiswahili kinakiita kile kifaa pima maji kwa sababu maji yakiachwa yatulie hulala sawa, hayamwonei mtu haya. Na huyu bwana aliyejiita Maji Mia ndiye aliyetumia maisha yake kuipiga vita kazi ya pima maji. Nadhani angenijibu kwamba maji yaliyotulia ndiyo hulala sawa, yanayotembea hupinda. Na angekuwa na haki. Mto Pangani haujawahi kuvutiwa uzi.

Baba yake, Ernst, alifariki yeye akiwa na mwaka mmoja. Mama yake, Elsa, alikuwa Myahudi. Mwaka 1938 Ujerumani ya Hitler ikaimeza Austria, na mama na mtoto wakalazimika kuhamia kwa ndugu, mtaa wa Obere Donaustraße. Mtoto alikuwa amebatizwa Mkatoliki, akavalishwa sare za Vijana wa Hitler ili mama apate pa kujificha nyuma yake. Wao wawili walipona. Jamaa 69 wa upande wa mama, bibi yake akiwa miongoni mwao, walichukuliwa na kuuawa, wengi wao mwaka 1943.

Niliisoma hesabu hiyo nikiwa kwenye benchi kando ya mfereji wa Donau, mtaa wenyewe uko mgongoni mwangu, vijana wanapita na baiskeli. Wataalamu hueleza chuki yake dhidi ya mstari ulionyooka kwa nadharia ndefu za sanaa. Mimi sijasoma sanaa. Lakini mtoto anayepiga kwata katika mstari mmoja na watu wanaowamaliza ndugu zake, sioni kama alihitaji nadharia.

Shule hakuipenda. Mwaka 1948 alikaa Chuo cha Sanaa cha Vienna miezi mitatu, akaondoka. Paris aliingia École des Beaux-Arts akatoka siku ile ile ya kwanza. Alijifunza kwa kutembea: Italia, ambako alikutana na mchoraji Mfaransa René Brô wakawa marafiki wa maisha, kisha Paris, na mwaka 1951 Moroko na Tunisia. Mwaka 1967 alifika Uganda na Sudan, na hapo ndipo alipotukaribia zaidi sisi.

Uchoraji wake nauweka juu ya nyumba zake, na najua wengi mtabisha. Jumba la makumbusho alilolibuni mwenyewe, KunstHausWien, lililofunguliwa 1991 katika kiwanda cha zamani cha fanicha za Thonet, liko mwendo wa dakika chache kutoka ile nyumba. Ndani sakafu ina mawimbi. Alipenda kusema kwamba sakafu isiyo sawa ni muziki kwa miguu, na kwa nusu saa ya kwanza nilikubali, nikavua hata koti nikatembea taratibu nikisikiliza nyayo zangu. Kisha nikamkumbuka bibi yangu na goti lake, na muziki ukapungua.

Michoro ni midogo kuliko nilivyotegemea. Hakutumia kile kigoda cha kusimamishia turubai. Alichora kazi ikiwa imelazwa, mezani au chini, mara nyingi akiwa safarini, juu ya chochote: karatasi ya kufungia vitu, kipande cha mbao, gunia. Rangi alizitengeneza mwenyewe, akisaga, akichanganya mayai, akichanganya udongo wa mahali alipo, kisha kwenye rangi anabandika kipande cha karatasi ya dhahabu au fedha ambacho ukisogea kinakukonyeza. Kuna nyuso zenye madirisha badala ya macho, nyumba zenye macho badala ya madirisha, mvua inayoanguka kwa nyuzi za rangi. Na kila mahali kuna ule mzunguko wa konokono alioanza kuuchora Paris mwaka 1953. Watu wa Ulaya huueleza kwa falsafa, kuzaliwa na kufa. Mimi nikaona kawa. Kawa la chakula linavyosukwa: mama anaanza katikati na kitanzi kidogo, anazungusha, kila mzunguko unaufuata uliotangulia lakini hakuna mzunguko unaofanana na mwenzake kwa sababu mkono si mashine. Michoro ya Hundertwasser imesukwa hivyo. Ukiitazama kwa karibu unaona mkono ulipochoka na ulipofurahi.

Alikuwa na ubishi mzuri na mashine. Picha za kuchapwa kwa kawaida hufanana zote. Yeye mwaka 1984 alitoa chapa yenye nakala 10,002, akahakikisha kila moja inatofautiana na nyingine kwa rangi. Japani, ambako aliishi kwa muda kuanzia 1961, alipeleka michoro kwa mafundi wa kuchonga mbao za kuchapia kwa njia yao ya kale, na alikuwa Mzungu wa kwanza mchoraji aliyechongewa kazi na mabingwa hao akiwa hai. Stempu pia alizipenda kwelikweli. Mwaka 1979 Senegal ilitoa stempu zenye michoro yake, na baadaye Cape Verde. Stempu ni kipande cha karatasi cha ukubwa wa ukucha ambacho mtu maskini anaweza kumiliki, na hilo nadhani lilimgusa kuliko nyumba ya mnada.

Tarehe 4 Julai 1958, katika monasteri ya Seckau, alisoma ilani aliyoiita ya kuvu. Ndiyo, kuvu, ile ya ukutani. Kutu ikishika wembe, alisema, kuvu ikiota ukutani, kigoga kikizungusha kona ya chumba, tufurahi, kwa sababu uhai umeingia ndani ya nyumba. Kubeba rula kupigwe marufuku, walau kimaadili. Na mstari ulionyooka hauna Mungu.

Hapo nilifunga kitabu. Lugha yetu haijajiandaa kwa sentensi hiyo. Kiswahili kinampenda aliyenyooka: mtu mnyoofu, nyoosha maneno, huyu mtoto anyooshwe. Asiyefaa amepinda, ana mambo ya konakona. Na kila Mwislamu anayeswali swala zake tano anaomba mara kumi na saba kwa siku aongozwe njia iliyonyooka. Leo anatokea Mwaustria mwenye ndevu, amevaa soksi mbili zisizofanana (alifanya hivyo kila siku, na akiulizwa alishangaa kwa nini wengine wanavaa zinazofanana), anasema mstari huo hauna Mungu. Nikafikiria kumsimulia baba. Nikaona nisubiri kwanza.

Ilinichukua muda kuona kwamba ugomvi wake na rula ni ugomvi na aliyeishika. Yule anayekaa ofisini, anavuta mstari juu ya karatasi, na mstari ule unakuja kuwa ukuta wa mtu mwingine ambaye hakuulizwa. Katika ilani ile ile kuna dai ambalo kwangu ni bora kuliko kuvu yote: mpangaji awe na haki ya kutoka dirishani mwake, anyooshe mkono, na kila mahali mkono unapofika abadilishe ukuta wa nje apendavyo, hata kwa brashi ndefu, ili mtu aliye mbali mtaani aone kwamba pale anaishi binadamu anayejulikana kwa kitu fulani, tofauti na jirani zake. Alikuja kuiita haki ya dirisha.

Niliwahi kupanga chumba Dar, nikapaka fremu ya dirisha langu bluu. Mwenye nyumba alinipa siku tatu niirudishe kahawia. Nilirudisha. Sikuwa na jina la kuita kile nilichonyang'anywa mpaka nilipokuwa na miaka thelathini na moja, nchi ya watu, nikisoma maneno ya mtu aliyekwisha kufa.

Pamoja na haki ya dirisha alitaka wajibu wa mti. Ulichokifunika kwa nyumba chini, alisema, ni mali ya mimea. Kirudishe juu ya paa. Mwaka 1973 Milano alipanda miti ndani ya majengo ya Via Manzoni, shina likachomoza dirishani, akaiita miti wapangaji. Inalipa kodi, alisema, kwa hewa safi, kwa kivuli, kwa kunywa vumbi na kelele. Nawafahamu wapangaji wa kibinadamu wanaolipa kwa kuchelewa zaidi ya hapo.

Sasa nimfikie baba na swali lake. Nani kawaruhusu?

Novemba 1977 Bruno Kreisky, kansela wa Austria, alimwandikia meya wa Vienna, Leopold Gratz, akipendekeza Hundertwasser apewe nafasi ya kujenga kile alichokuwa akikipigia kelele. Gratz akakubali, Desemba akamwalika. Kwa hiyo nyumba ile iliyoinama ni nyumba ya serikali ya jiji. Hili watalii wengi hawalijui. Vienna ina desturi ya kujengea wananchi wake nyumba za kupanga tangu miaka ya 1920, na lile jengo la makuba ya dhahabu ni moja tu kati ya hizo: fleti zaidi ya 50, wapangaji wa jiji, ngazi za kawaida za kupandisha mboga. Haki ya dirisha imeingizwa kwenye mikataba yao. Hundertwasser mwenyewe hakuchukua malipo. Alisema inatosha kwamba amezuia kitu kibaya kisijengwe pale.

Lakini Hundertwasser hakuwa msanifu majengo. Hakusomea, hakuwa na leseni. Alikuwa na michoro, maneno na ujasiri. Jiji likampa msanifu Josef Krawina amsaidie kuyageuza mawazo kuwa ramani. Krawina akachora, akatengeneza kielelezo cha jengo, na Hundertwasser alipokiona akakikataa: kimejaa mistari iliyonyooka! Hatimaye kazi ikamalizwa na msanifu mwingine, Peter Pelikan, mtumishi wa jiji, ambaye aliendelea kufanya naye kazi miaka mingi. Ujenzi ulianza 1983 ukaisha 1985, na kwa muda mrefu dunia nzima ikaliita jengo kwa jina moja. Krawina alikwenda mahakamani. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Austria ikaamua kwamba naye ni mbunifu mwenza.

Hapa siwezi kuwa mpole. Nimekulia kwenye maturubai ya ujenzi, nawajua wanaosahaulika. Mchoraji anasema "pindisha hapa", anakwenda zake kunywa kahawa. Kuna mtu anayebaki kukokotoa nondo ngapi zibebe kile kilichopindishwa. Mwandishi anayesema Hundertwasser "alijenga" nyumba ile hajawahi kukoroga udongo.

Baba alilijua hilo kabla yangu, kwa picha tu. Jioni ile ile alinipigia, sauti yake imeshabadilika, imekuwa ya kikazi. Akataka nimsogezee picha ya kona fulani ya ukuta. Kisha maswali yakaja mfululizo. Udongo uliopo juu ni kiasi gani? Nikamsomea: takriban tani 900, na miti na vichaka 250. Akapiga mluzi. Slabu unene gani? Sikujua. Maji ya mvua yanatokea wapi? Mizizi inazuiwa na nini isitoboe? Wamevutaje uzi kwenye ukuta ambao hauna uzi?

"Huyo aliyepiga lipu pale," akasema mwishoni, "ni fundi. Kunyoosha unasaidiwa na kifaa. Kupinda hivyo, ukapinda pale pale ulipotaka, kifaa gani kitakusaidia?"

Alilisema kwa shingo upande. Mara moja akaongeza kwamba ukuta wa namna ile kwa Tanga ungekula mifuko ya saruji mara mbili na mteja asingelipa.

Chumba changu kilikuwa upande mwingine wa jiji, na kila siku nilibadilisha treni Spittelau. Ukitoka kwenye behewa unalikuta mbele yako jengo jingine lake, la ajabu kuliko lile la kwanza: kiwanda cha kuchoma taka. Kiliungua moto mwaka 1987, na meya mpya, Helmut Zilk, akamtaka Hundertwasser akivike sura mpya. Alisita. Mtu wa mazingira, mpanda miti, apambe tanuri la taka? Alikubali baada ya kuhakikishiwa kwamba moshi utachujwa vilivyo na joto litapelekwa majumbani. Kazi ikamalizika 1992. Leo kuna bomba la moshi la mita 126 lenye tufe la dhahabu kiunoni, kuta zenye madoa kama mtoto amemaliza rangi zote za sanduku, na madirisha yanavaa kofia nyekundu. Ndani yake zinachomwa takriban tani 250,000 za taka kila mwaka na maji ya moto yanakwenda kwenye makumi ya maelfu ya nyumba.

Januari ile, nje nyuzi tano chini ya sifuri, niliegemeza mgongo kwenye bomba la joto la chumbani nikawaza: huenda hili ni ganda la ndizi nililotupa wiki jana. Hakuna sanaa yoyote ya makumbusho iliyowahi kunifikia mgongoni.

Wasanifu wengi hawampendi, na hoja zao si za kijinga. Wanasema alikuwa mpambaji tu, anachukua boksi lile lile la zege analolilaani analipaka keki. Nyumba nzuri si mlango, sisi tungesema, na ni kweli kwamba fleti nyingi katika majengo yake, ukishaingia ndani, ni vyumba vya kawaida vyenye kuta za kawaida. Wanasema alizidisha mno: Waldspirale pale Darmstadt, Ujerumani, lililokamilika mwaka 2000 na fleti 105, lina madirisha zaidi ya elfu moja na hakuna mawili yaliyofanana, na dirisha la elfu likishafika, tofauti nayo inageuka kuwa kanuni kama kanuni nyingine. Wanacheka vikombe, miavuli na kalenda. Ng'ambo ya ile nyumba ya Löwengasse kuna duka la zawadi ndani ya karakana ya zamani ya matairi, na nilipita nikaona soksi zake zinauzwa: zisizofanana, kwa jozi, zimefungwa kwa plastiki. Hapo nilicheka peke yangu mpaka muuzaji akanitazama.

Na siasa zake nazo zilikwenda zinakokwenda. Alihutubia uchi wa mnyama, Munich mwaka 1967 na Vienna mwaka 1968, kutetea "ngozi ya tatu" ya binadamu, yaani nyumba. Ya kwanza ni ngozi yenyewe, ya pili nguo. (Baadaye akaongeza mbili: jamii, na dunia nzima.) Alitaka Austria irudishiwe mfalme. Alipinga nchi yake kuingia Umoja wa Ulaya. Ni rahisi pia kuhubiri uhuru wa mpangaji ukiwa na shamba Normandy, kinu cha mbao cha zamani Austria, jahazi baharini na bonde zima New Zealand. Mimi simlaumu kwa kuwa navyo. Ila wale wapangaji wa Löwengasse wanaamka kila asubuhi na watalii wamewapangia kamera mlangoni, na hilo hawakulichora wao dirishani.

Bonde la New Zealand ndilo lililomchukua mwishoni. Linaitwa Kaurinui, karibu na Ghuba ya Visiwa, na alilinunua miaka ya 1970 likiwa malisho yaliyochoka. Akapanda miti zaidi ya 100,000, akachimba mifereji na mabwawa, akaishi katika nyumba yenye nyasi juu ya paa, akitumia choo cha mboji. Choo kile alikiandikia ilani nzima mwaka 1979, bila kumung'unya maneno, akisema kinyesi chetu ni kitu kitakatifu kwa sababu kwacho mduara wa uhai unafungwa, na kwamba tunasali kabla ya kula lakini hatusali tukitoka chooni. Baba niliposimulia hili alinisahihisha: "Wao hawasali. Sisi tuna dua ya kuingia na ya kutoka."

Jengo lake la mwisho aliloliona likikamilika huko Kusini ni choo cha umma. Mji mdogo wa Kawakawa, mwaka 1999. Alitumia matofali ya jengo lililobomolewa, chupa tupu zikawa madirisha, vigae vikatengenezwa na wanafunzi wa shule ya hapo, mti uliokuwepo ukaachwa ukapita katikati ya jengo, paa likaoteshwa nyasi. Watu husimamisha magari kwa haja nyingine wakaishia kupiga picha. Nikiambiwa nichague moja katika kazi zake zote za ujenzi, nachagua choo kile. Ni kidogo, hakimsumbui mpangaji, na mpita njia asiye na senti anapata ndani yake kile kile anachopata tajiri.

Alifariki tarehe 19 Februari 2000, kwa moyo, akiwa ndani ya meli ya Queen Elizabeth 2 katikati ya Bahari ya Pasifiki, akirudi Ulaya. Maji tena. Akarudishwa Kaurinui, akazikwa kama alivyoagiza: bila jeneza, mwili mtupu umefungwa kwenye bendera ya koru, lile jani changa la kangaga lililojikunja, aliyoibuni yeye mwenyewe kwa ajili ya New Zealand, juu yake ukapandwa mti wa tulipu.

Hili nalo nilimsimulia baba, nilipokwisha kurudi, tumekaa barazani Tanga. Pima maji ilikuwa ukutani kwenye msumari wake. Siku hizi hajengi, mgongo umekataa, lakini bado anaifuta vumbi. Alisikiliza habari ya mazishi kwa makini kuliko alivyosikiliza habari ya nyumba zote.

"Bila sanduku?"

"Bila sanduku, baba."

"Kitambaa tu?"

"Kitambaa tu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anavyofanya povu likikaa kati.

"Basi," akasema, "hapo alinyooka."